Miaka Miwili ya Byron

Neno lilimkuta Lornah katika soko la Otonglo, akichagua nyanya. Mama mmoja muuza omena, dagaa wa ziwani, alimwuliza mwenzake, bila hata kupunguza sauti: "Huyu Byron wa Kisian, anayevaa vizuri, si ni mtoto wa Mzee Oyugi? Ai, kwao wanakimbia usiku. Mzee alishikwa kwenye mlango wa watu."

Lornah alilipa, akaziacha nyanya palepale mezani.

Huku kwetu hilo si neno dogo. Anayekimbia usiku, jajuok, husemwa kwamba hutoka uchi giza likiingia, akagonga milango ya majirani na kurusha mawe juu ya mabati, na kwamba mambo hayo yamo kwenye damu, mtoto huyarithi. Nyumba ikishasemwa hivyo, hakuna mama atakayetoa binti yake aolewe huko. Na Lornah alikuwa amebakisha wiki chache tu ampeleke Byron, mpenzi wake, kwa mama yake.

Walikuwa wamekutana kwenye maonyesho ya vyuo vya biashara, katika ukumbi wa hoteli moja mjini Kisumu, watu wamebanana kama benki siku ya mshahara. Lornah, karani wa bima, alivaa gauni la kitenge cha manjano na viatu vya visigino virefu vilivyomtesa. Mbele yake alisimama kijana mrefu, suti ya kijivu imepigwa pasi ikanyooka, ananukia sabuni ya kipande. Ghafla akarudi nyuma, akamkanyaga.

"Bwana, hicho ni kidole!"

"Pole, dada. Nimesikia maswali yao nikataka kutoroka."

"Maswali gani?"

"Wanataka alama. Na zangu hata nikiziita hazitoki nje, zinaona haya."

Lornah alicheka mpaka maumivu ya kidole yakaisha. Kufikia jioni alikuwa na namba yake ya simu, na historia yake pia. Mwaka wa pili chuoni Byron alifeli, akarudia, akamaliza na digrii ya chini kabisa. Akafuga samaki kwenye vizimba ziwani. Asubuhi moja maji yakachafuka, samaki wote wakaelea matumbo juu. Sasa alikuwa msimamizi wa manunuzi katika duka la vifaa vya ujenzi la Bwana Harbans huko Mamboleo, alikoingia akiwa mbeba saruji. Ndoto yake ilikuwa chuo kimoja cha biashara Nairobi, chenye ufadhili kamili, ambacho hata wenye alama za juu walikuwa wakirudishwa.

Alimpenda kwa jinsi alivyosema mabaya yake waziwazi. Jumamosi walikaa pamoja mbele ya kompyuta wakiandika maombi yake ya chuo, alama mbaya na samaki waliokufa vikiwemo, Lornah akisahihisha Kiingereza, Byron akimmenyea machungwa.

"Na hapa, mpenzi? Baada ya samaki, kabla ya Harbans?"

"Nilikuwa nyumbani."

"Miaka miwili? Ukifanya nini, kuhesabu kuku?"

"Nyumbani tu, jaber, mrembo wangu. Tuendelee."

"Hawa watu hawapendi pengo. Kaka yangu Fabian ana malori. Atasema ulikuwa meneja wake."

"Si huo ni uongo?"

"Ni kupanga maneno tu. Unataka kuingia ama hutaki?"

Byron aliweka ganda la chungwa mezani. "Nataka," akasema. Lornah akaandika.

Kitu kimoja tu kilimsumbua. Jua likianza kuinama, Byron husimama aende nyumbani. Hata wawe katikati ya chakula, hata awe ameshikwa mkono.

"Kwani una kafyu?"

"Nina mke mkali nyumbani," alijibu, na wote wawili wakacheka.

Sasa, kutoka Otonglo, kicheko hicho kilimrudia. Alikwenda moja kwa moja kwa mama yake, Maximilla, akamweleza.

"Nyathina, mwanangu, umewahi kukanyaga uwanja wao?" Maximilla akauliza.

"Bado, Mama."

"Mwaka mzima! Kwa nini bado?"

Lornah akachezea mkanda wa mkoba wake.

"Na giza likiingia huwa yuko wapi?"

Hapo ndipo machozi yalipomtoka.

Asubuhi iliyofuata Byron alikuwa Nairobi kwa mahojiano. Walikuwa wameitwa wachache, na Lornah ndiye aliyempigia vigelegele barua ya kuitwa ilipokuja. Angeweza kungoja. Hakungoja, akapiga simu.

"Jaber! Niombee, niko mlangoni. Tai imekaa sawa?"

"Byron, kwenu mnakimbia usiku?"

Watu walisikika wakipita nyuma yake.

"Nani amekuambia?"

"Jibu!"

"Lornah, tafadhali. Wanaita majina. Jioni nitakueleza kila kitu."

"Jioni? Jioni si ndiyo saa yenu?"

Simu ikakatika. Kabla hasira haijapoa, akampigia Fabian.

"Wakikuuliza kuhusu Byron, mimi simo tena."

"Sasa nisemeje?"

"Sema unachokijua."

"Mimi simjui kabisa," Fabian akasema, na chuo kilipopiga wiki hiyo kuthibitisha kazi, maneno yake yalikuwa hayohayo. Siku chache baadaye Lornah alipata ujumbe mmoja: *Wamesema nimedanganya. Wamenikataa, na nisiombe tena. Usijali, sitakusumbua.*

Jumamosi iliyofuata alikwenda Kisian mchana kweupe, bado amevaa sare ya ofisi.

Barazani alikuta mzee mwembamba mwenye sweta nzito kwenye jua kali, viatu bila kamba. Byron alikuwa amechuchumaa mbele yake akimlisha uji. Komeo la mlango lilikuwa limepigiliwa nje, juu kabisa.

Mzee alimwangalia Lornah, uso ukamchangamka. "Mama, umekuja? Ng'ombe wamerudi?"

"Mwambie wamerudi," Byron akasema bila kugeuka.

"Wamerudi, Baba," Lornah akajibu.

"Wote?"

"Wote, Baba."

Mzee akatulia, akafungua kinywa kwa uji.

"Akili yake imeondoka kidogo kidogo," Byron alisema. "Jua likishuka anatafuta nyumba aliyozaliwa. Anagonga milango ya watu akimwita mama yake. Vijana walimpiga hapo barabarani, walikuwa wameshaleta petroli wamchome. Nikaacha kila kitu, nikawa nalala mlangoni pake. Shangazi Aoko alipokubali kushinda naye mchana, ndipo nikatafuta kazi. Ile miaka miwili uliyokuwa unaitafuta, Lornah, ndiyo hiyo imekaa kwenye kiti."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenipeleka kwa mama yako?"

Byron akapangusa uji kidevuni mwa mzee, akaendelea.

"Kule Nairobi kuna mama aliniuliza ni kitu gani kigumu zaidi nimewahi kusimamia. Alikuwa ananiangalia vizuri, kama mzazi. Ulimi ulitaka kusema Baba. Nikasema malori ya Fabian."

Lornah alipiga magoti kwenye vumbi na sare yake. "Nisamehe. Nioe, Byron. Nitakaa hapa, nitamlisha na mimi."

"Nimekusamehe." Alimfuta machozi kwa kitambaa kilekile cha uji, maana hakuwa na kingine. "Lakini wewe uliwasikia watu wa soko kabla yangu. Na mimi nilikubali kuwa mtu mwingine ili nipendwe. Leo unanihurumia tu, jaber. Kesho mama yako atauliza tena, na utanyamaza tena."

Lornah alitaka kukataa. Alitafuta neno, akalitafuta, na Byron akamngoja. Neno halikuja.

Akamsindikiza hadi barabarani, kama mgeni mwingine yeyote, kisha akarudi haraka, maana kivuli cha nyumba kilikuwa kimeanza kurefuka na mzee alikuwa peke yake.

Enyi vijana, na sisi mama zenu, ya kuepuka ni haya:

Usijaze mwaka mtupu kwa kazi ya uongo, hata mpenzi wako akikushikia kalamu.

Usimwombe ndugu yako ashuhudie asichokiona.

Usifiche alama mbaya wala kazi iliyoanguka. Zilizoandikwa wazi hazikumzuia Byron kuitwa.

Usipige simu ya ugomvi siku ya mahojiano.

Usimwite mgonjwa mchawi.

Usimwulize mama yako kuhusu mtu ambaye hujamwuliza mwenyewe.

Usipende mtu mwaka mzima bila kujua anarudi kwa nani jioni.