Muireann Kando ya Moto

"Irudishe nyuma! Irudishe tena!"

"Nimeirudisha mara nne, Muireann. Kanda itakatika, na sauti ya mchumba wako itabaki ile ile."

Muireann alisimama, akakaa, akasimama tena. Chumba cha kanda kiko chini kabisa ya maktaba ya chuo kikuu, Galway, na hakina hata dirisha la mtu kutazama mvua akajituliza. Kuna rafu, maboksi, na leo kulikuwa na Nóirín wa upande wa maandishi, mama wa miaka sitini na mbili, aliyeshuka kuazima gundi na sasa hata umvute kwa kamba hatoki.

Kanda ilitoka kwa mzee mmoja wa Clare, Mungu amrehemu, aliyezunguka kwenye mabaa na kinasa sauti mpaka siku zake za mwisho, akirekodi kila fidla na kila kikohozi. Alipofariki, watoto wake wakaleta maboksi arobaini maktaba. Kazi ya Muireann ni kusikiliza na kuandika kadi: wimbo gani, kapiga nani, wapi, lini. Hii ilirekodiwa miaka sita iliyopita.

Nóirín akabonyeza. Baa ikanguruma, glasi zikagongana, halafu ikaja sauti ambayo Muireann huamka nayo kila asubuhi:

"Huu nimeutunga mwenyewe jana, usingizi ulinikataa. Unaitwa Ailbhe Kando ya Moto. Mwenyewe yule pale, mtazameni mashavu yalivyoiva!"

Makofi. Fidla ikaanza.

Ulikuwa wimbo wa Muireann. Wake kabisa, hakuna hata kona moja iliyobadilika. Miaka miwili iliyopita, kwenye baa moja ya Kinvara, Fiachra, huyu huyu mchumba, alisimama na fidla akasema usingizi umemkataa, ametunga wimbo, unaitwa Muireann Kando ya Moto, na mwenyewe yule pale, mtazameni mashavu. Muireann alilia mbele za watu. Baada ya wiki akakubali pete.

Harusi ilikuwa Jumamosi ya wiki ijayo. Na leo saa tisa alasiri maktaba ilikuwa inafungua mkusanyo huo wa kanda mbele ya wageni. Fiachra angepiga, na kadi ya wimbo, yenye jina la Muireann, ingeingia humo ikae hata wajukuu wakizeeka. Mama yake alikuwa kwenye basi kutoka Belmullet kuja kuyaona hayo kwa macho yake.

"Labda Ailbhe ni ng'ombe," Nóirín akasema.

"Ng'ombe kando ya moto, ndani ya baa?"

"Watu wa Clare huwajui wewe."

"Nóirín, sicheki!"

"Najua, mwanangu. Ila mimi huko juu napanga barua za washairi marehemu mwaka wa kumi na moja huu. Yupo mmoja alilipeleka shairi moja kwa wanawake wanne. Alichobadilisha ni rangi ya macho tu. Wa nne alikuwa na macho ya kahawia, vina vikamgomea, akaandika bluu hivyo hivyo."

Muireann akampigia Fiachra simu, huku akizunguka meza.

"Roho yangu! Ndiyo napiga pasi shati."

"Ailbhe ni nani?"

Pasi ikasikika ikipumua mvuke.

"Ailbhe yupi?"

"Kwani wako wangapi?"

"Aaa, yule! Mambo ya zamani hayo. Na wewe mwenyewe unaijua kazi, wimbo mmoja una majina matano. Kerry wanauita hivi, Donegal wanauita vile. Ndivyo tulivyo."

"Nyimbo za wenzio hubadili majina zikivuka milima, Fiachra. Wako umevuka mashuka."

"Sikiliza basi. Nilimpenda, akaniacha, wimbo ukabaki. Ningeutupa? Nilimpa anayestahili. Hapo nimekosa nini?"

Muireann alikata simu, akapanda ngazi, akashuka, akaosha kikombe kilichokuwa kisafi. Maneno yale yalikuwa na sura ya ukweli. Na mtu ambaye gauni lake limeshatundikwa kabatini hahitaji ushahidi mwingi ili aamini.

"Nataka kumsikia huyo Ailbhe," akasema. "Aseme tu kwamba ni zamani, nipumue."

Nóirín alikuwa ameshapata namba. Ailbhe anafundisha Ennis, shule moja na mpwa wa Nóirín. Nchi hii ukitafuta mtu unaanza kwa shangazi.

"Ailbhe, hunijui. Naitwa Muireann, nipo maktaba ya..."

"Muireann wa Fiachra?"

"Unanijua?"

"Nakusikia. Kaa chini, dada."

"Nimekaa," akasema Muireann, akielekea mlangoni kwa mara ya saba.

"Mimi nilijua wimbo ni wangu, mpaka siku moja tukawa kwenye harusi ya watu, bendi ikaupiga. Nikanyanyuka niwape watu tabasamu. Meza ya pili naye kanyanyuka mwanamke, anatabasamu. Dervla. Dervla Kando ya Moto. Tukatazamana, tukakaa."

Muireann akacheka bila kutaka. "Kwa hiyo ni mambo ya zamani."

Ailbhe akashusha pumzi. "Yangekuwa ya zamani nisingekuambia ukae. Nakutumia kitu."

Simu ikatetemeka. Ujumbe wa Fiachra kwa Ailbhe, wa Jumapili ya juzi:

"Naoa, lakini kila nikiupiga nakuona wewe. Maktaba wanauweka kwa jina lake, usijali, mimi na wewe tunajua ni wa nani. Alhamisi kabla ya harusi nitakuwa Ennis. Utanifungulia?"

Chini yake jibu la Ailbhe: "Nimebadilisha kitasa."

Jumapili ya juzi Fiachra alikuwa jikoni kwa Muireann, viazi vinachemka, simu mkononi, akisema anatafuta maua ya kanisani.

Saa tisa ukumbi ulijaa. Mama mtu alikaa mstari wa mbele na kofia yake ya bluu. Fiachra akamvuta Muireann koridoni.

"Umeongea naye?"

"Nimeongea."

"Basi andika gan ainm." Ndivyo maktaba inavyoandika kwenye kadi ya wimbo usiojulikana jina. "Hauna jina, yaishe. Tusiaibishane mbele ya mama."

"Una majina matatu, utaandikwaje hauna?"

"Muireann, harusi ni wiki ijayo!"

"Na Alhamisi uko Ennis?"

Fiachra akageukia mlango wa ukumbi. Papo hapo Profesa Lorcán, mkuu wa maktaba, akamwita jukwaani.

Akapiga. Na alipiga vizuri, mshenzi yule. Hapo ndipo palipouma. Mguu wa Muireann ukaanza kugonga sakafu wenyewe, akaukanyaga kwa mguu wa pili.

"Na sasa Muireann atatusomea kadi," akasema Profesa.

Muireann akapanda na kadi mkononi.

"Ailbhe Kando ya Moto. Mpigaji: Fiachra Ó Gríofa. Tazama pia: Dervla Kando ya Moto. Tazama pia: Muireann Kando ya Moto." Akamtazama Fiachra. "Moto ni ule ule."

Watu wa Clare walioketi nyuma wakaangua kicheko. Profesa akakohoa.

"Ee, ni kawaida ya nyimbo zetu kuwa na majina mengi..."

"Kweli, Profesa. Na mpigaji bado anafanya utafiti. Alhamisi anakwenda Ennis."

Akavua pete, akaidondosha kwenye kasha la fidla lililokuwa wazi, kama wapita njia wanavyowadondoshea sarafu wapigaji wa barabarani kule Shop Street.

Mama akasimama. "Muireann! Ina maana hakuna harusi?"

"Hakuna, Mama. Nisamehe, umekaa masaa manne kwenye basi."

"Nikusamehe nini? Nipishe nipite, nimekuja na mwavuli."

Fiachra alitoka kwa mlango wa nyuma, fidla kwapani, kasha anaburuta.

Saa kumi na moja Muireann alikuwa anatembea kando ya mto mbio mbio, mama nyuma akilalamikia viatu. Simu ikatetemeka.

"Nakupenda. Nitakutungia mwingine, wako peke yako. Naapa."

Muireann akasimama. Tangu asubuhi ndiyo kwanza miguu yake ilitulia. Akaandika:

"Tunga. Ukimaliza lete maktaba, tuutafute kwanza kwenye kadi kama haumo."