Pakiti Moja, Lita Moja

Kila asubuhi kule Maganzo, Fredy hubeba madumu ya maji kwenda shimoni. Wachimbaji wa almasi huosha kokoto, na maji ya kununua hayatoshi. Siku hiyo alimwachia mkewe, Philomena, nusu lita tu ya maji yaliyochemshwa.

Mtoto wao Nelly, wa mwaka mmoja na nusu, aliamka anaharisha. Philomena alikuwa na pakiti moja ya dawa ya chumvichumvi, ile ya kurudisha maji mwilini kwa anayeharisha. Aliimimina yote katika ile nusu lita.

"Ikikolea itatibu upesi," alijisemea. Haraka haraka haina baraka.

Kufika saa nne, Nelly alikuwa hoi. Macho yamezama, analia bila machozi. Philomena aliogopa. Alimbeba mtoto, akakimbia kwa jirani yake Eufrasia, mhudumu wa afya. Hata shikamoo aliisahau.

"Mama, mwanangu anakufa! Nimempa dawa, ndiyo kwanza anazidi kuharisha!"

"Umechanganya na maji kiasi gani?"

"Nusu lita."

Eufrasia alishtuka. "Pakiti nzima? Mama Nelly, chumvi imezidi! Ukitia chumvi kwenye kachumbari, unaona nini?"

"Inatoa maji."

"Maji hayo yametoka ndani ya nyanya. Na sisi ni hivyohivyo. Mwili umejengwa kwa seli, vijumba vidogo visivyoonekana kwa macho. Kila seli ina utando. Maji hupenya utando huo kufuata chumvi ilikozidi. Dawa ikiwa kali, maji hutoka mwilini, huingia tumboni, mtoto anaharisha zaidi."

Philomena alimkumbatia mtoto. "Kumbe ni mimi! Nimemuua mwanangu?"

"Hujamuua. Dawa hiyo iliyobaki imwage, twende zahanati."

Eufrasia alichanganya pakiti mpya na lita moja kamili ya maji safi. "Kwa kipimo hiki, chumvi na sukari huingia pamoja kwenye seli za utumbo, na maji huzifuata."

Walimnywesha njiani, kijiko kimoja kimoja. Alipotapika walisubiri dakika kumi, wakaanza tena polepole.

Huko zahanati, muuguzi alimpima Nelly, akampa na vidonge vya zinki vya siku kumi. "Endeleeni kumnywesha dawa, na wewe mama umnyonyeshe. Akikojoa tutajua maji yameingia."

Wakakaa kwenye benchi. Saa saba, kitenge alichompakatia kikavu. Saa nane, bado kikavu. Philomena alimnywesha huku akisali kimoyomoyo.

Mara akahisi joto mapajani.

"Amenikojolea!" alipiga kelele. "Mama, amenikojolea!"

Foleni nzima iligeuka. Philomena alicheka na kulia, kitenge kimelowa chapachapa.

"Ulimpa nini?" aliuliza mama mmoja aliyepakata mtoto.

"Pakiti moja, lita moja," alijibu Philomena. "Dada yangu, maji usipunguze hata kidogo."