Mkalimani wa Kibonge

Kila asubuhi, kabla mama hajakanyaga cherehani yake sebuleni, mdomo wa binti yake ulikuwa umeshaanza kazi. Ndiyo maana majirani walimwita Cherehani. Alisema akivaa sare, alisema akifunga viatu, na zaidi ya yote alimsemea mdogo wake, Kibonge.

Kibonge alikuwa na miaka mitatu na mashavu ya kushiba. Akinyoosha kidole mezani na kuguna "Mm!", dada yake alidakia, "Anataka maziwa, mama. Si hayo ya moto!" Cherehani aliuonea fahari ukalimani wake. Nani mwingine angejua kwamba Kibonge akisema "gari" anataka choo? Neno hilo alilianzisha Cherehani mwenyewe. Mtoto akibanwa, alimbeba mgongoni akiunguruma mpaka msalani, "Gari linaondoka!"

Kibonge alipoanza chekechea, mama alishusha pumzi. Sebule yake ilijaa sindano, mikasi na pasi ya moto, na mtoto mwenyewe hatulii. Lakini Cherehani alipotoka shule na kwenda kumchukua, alimkuta kwenye kona ya darasa, macho yamevimba, amevaa kaptula isiyo yake.

"Alianza kusema 'gari, gari'," mwalimu wa chekechea alieleza. "Nikampa gari la mbao, akalitupa. Nikampa jingine, akalia zaidi. Halafu akajikojolea, wenzake wakamcheka."

Uso wa Cherehani uliwaka kwa aibu. "Mwalimu, gari ni... ni choo. Nyumbani tunaita hivyo."

Mwalimu alichuchumaa mbele ya Kibonge. "Pole, mwanangu. Kumbe ulikuwa unaniambia! Hebu niambie, unaitwa nani?"

Kibonge alimtazama dada yake.

"Anaitwa..."

"Nimemuuliza yeye," mwalimu alisema kwa upole. Kibonge akajificha nyuma ya dada yake. Cherehani alihisi ulimi unamwasha.

Kesho yake Kibonge alikumbatia mguu wa meza, akakataa katakata kwenda. Mama akabaki naye, na kabla ya mchana mtoto aliponea chupuchupu kuungua mkono kwa pasi. Jioni ile mama alimshika mkono Cherehani wakaenda kwa mwalimu.

"Nafasi yake nitamtunzia mpaka wiki ijayo, Mama Kibonge," mwalimu alisema. "Zaidi ya hapo siwezi, wapo wengine wanaoisubiri. Mtoto wako anasikia kila kitu, ila hana haja ya kusema. Vitajeni vitu kwa majina yake. Mwulizeni, kisha msubirini. Akisema nusu, mmalizieni vizuri bila kumcheka." Akawaazima kitabu cha picha.

"Nimsubiri kiasi gani?" Cherehani aliuliza.

"Zaidi ya unavyoweza," mwalimu alijibu, akicheka.

Na kweli hakuweza. Usiku huo Kibonge alinyoosha kidole. Mama akainua vikombe viwili. "Maji au maziwa?" Cherehani alikalia viganja vyake, akatikisa miguu, akainuka, akaketi tena. "Maji, mama! Mpe maji!" Mama akamkazia macho. Siku zilizofuata hali ilikuwa ileile. Kibonge aliguna, mama akampa alichotaka huku akikitaja, na Cherehani akatoka uani kuzunguka, roho juu. Wiki ilikuwa inakwisha. Vipi kama mdogo wake atapoteza nafasi kwa sababu ya mdomo wake yeye?

Hata kitabu alikisoma mbiombio, kurasa zikipeperuka. Kibonge akaweka kiganja juu ya picha, kurasa zikasimama.

"Huyu ni..." Cherehani akajing'ata mdomo. Akaanza upya, polepole. "Huyu ni nani?"

Kibonge aliitazama picha. Akamtazama dada yake. Cherehani alikunja vidole vya miguu ndani ya viatu, akaikodolea macho dari, akasubiri.

"Paka," Kibonge alisema. "Paka lala."

"Ndiyo, paka amelala!" Cherehani alipiga kelele za furaha mpaka mama akaacha kushona. Wakakirudia kitabu kile hadi Kibonge akasinzia. Tangu hapo wakataja kila kitu kwa jina lake: sabuni, ndoo, kitasa, choo.

Siku ya kumrudisha chekechea, Cherehani hakusikia neno darasani. Kengele ilipolia alitimua mbio. Mama alikuwa ameshafika, na Kibonge alisimama mlangoni na kaptula yake ileile ya asubuhi.

"Dada! Leo mimi... mimi nime..."

"Umecheza? Umelia? Umekwenda cho..."

Kibonge alimziba mdomo kwa kiganja. "Ngoja! Nasema mimi!"

Mama na mwalimu waliangua kicheko. Cherehani naye akacheka, machozi yakimlengalenga.

"Unaona, binti?" mwalimu alisema. "Ulimsemea kwa sababu unampenda, hilo hakuna anayelikataa. Lakini mtoto hujifunza lugha kwa kuzungumza na watu wanaomjibu na kumpa zamu yake. Msomee, mwimbie, mwulize. Kisha nyamaza umsikilize."

Njia nzima ya kurudi nyumbani Kibonge alisimulia habari zake. Cherehani hakuelewa hata nusu ya alichosema. Akamshika mkono, akamwuliza, "Halafu ikawaje?"