Gauni Lililomzoea Mwingine

"Vuta tumbo ndani, wifi. Zaidi."

"Nikivuta zaidi litatokea mgongoni!"

Mwalimu wa chekechea alicheka peke yake. Dada wa mchumba wake hakucheka. Aliendelea kuhangaika na vifungo vya gauni la harusi. Hariri tupu, rangi ya maziwa. Bwana harusi mwenyewe ndiye aliyelileta, yule sonara ambaye mtaa mzima ulimwita Mtanashati. Ndoa ilikuwa kesho.

Mwalimu alimpenda, jamani. Nani asingempenda mwanaume anayekufungulia mlango, ananukia asubuhi mpaka jioni? Ndani ya miezi michache ya kujuana Mtanashati alishamfundisha kushika kikombe, kupunguza sauti, hata kuacha vitendawili vyake.

"Hayo ya watoto, mpenzi. Wewe sasa ni bibi mstaarabu."

Mlango ukafunguka bila hodi. Mtanashati akamzunguka taratibu, kama anayekagua pete.

"Halifungi?"

"Kifungo kimoja kimegoma, kaka."

Akaguna. "Umenenepa. Mwaka jana lilikutosha."

Wifi akakiachia kifungo.

"Mwaka jana ulikuwa hunijui, bwana wee," mwalimu alisema.

"Ulimi umeteleza." Akamwinua kidevu kwa kidole kimoja. "Shingo juu. Hivyo. Usinilazimishe kuanza upya."

Simu yake ikaita, akatoka kuipokea ukumbini.

Mwalimu aliinua mkono, akatazama kwapani pa gauni, penye doa kuukuu.

"Wifi, kitendawili."

"Tega," wifi alijibu.

"Nimeletewa jipya, lina jasho la mwenzangu."

Wifi akaziba mdomo kwa kiganja, machozi yakampita vidoleni.

"La mke wa kaka. Mmefanana mno, ndiyo maana alikuchagua."

"Amekufa?"

"Alitoroka. Kaka alimfungia humu ajifunze kutembea kistaarabu. Siku alipopita dirishani, mimi nilijifanya nimelala."

Simu ya mwalimu ikatoa mlio. Ujumbe wa Mtanashati: "Usilivue. Utakula humo humo chumbani. Nakuja kufunga mlango, upumzike."

Hatua zikasikika zikirudi, za mtu asiye na haraka.

"Wifi," mwalimu alinong'ona, "leo pia utalala?"

Yule dada akaurukia mlango, akauvuta wazi kwa mikono miwili, akamzuia kaka yake kwa mwili wake wote.

"Pita, mdogo wangu! Pita!"

Mtanashati hakupaza sauti. Alinyoosha tai yake tu.

"Mpenzi, mwanamke mstaarabu hakimbii."

Mwalimu wa chekechea akalipandisha gauni mpaka magotini, vifungo vikaruka sakafuni, akatimua mbio.