Mwisho Ambao Siwema Hakuusoma

Kila asubuhi, akishafagia sehemu yake ya uwanja wa shule pale Mikumi, Siwema alipita kwenye ubao wa matangazo kulitazama jina lake. Lilikuwa chini ya jarida la Habari za Vitabu, karatasi moja tu iliyotoka kila mwezi kwa Mwalimu Kasiani, mstaafu aliyechapisha riwaya katika vyumba viwili huko Mabwerebwere, mjini Kilosa. Jarida lilieleza mwandishi gani ametoa kitabu gani na nani yuko mbioni kumaliza kingine. Safu ya msomaji mdogo mwaka huu ilikuwa ya Siwema wa darasa la sita, naye aliringa nayo kweli kweli.

Alhamisi moja, wakati wa mapumziko, rafiki yake Nashipai alimwomba amwazime riwaya mpya ya Bi Editha wa Lumuma, iitwayo Mfereji wa Juu. Siwema alikuwa ameshaiandikia habari na kuituma Kilosa kwa simu ya mama yake. Nashipai alikuwa na tabia ya kufungua kitabu kwa nyuma.

"Siwema, mbona kurasa za mwisho zimeshikana?"

"Zimeshikanaje?"

"Hazijakatwa ukingoni. Haziachani hata kidogo. Wewe ulisomaje?"

"Nilichungulia kwa juu."

"Kwa juu, kama twiga?" Nashipai alicheka mpaka akashika mbavu.

Siwema hakucheka. Ukweli ni kwamba alisoma mpaka katikati, mchezo wa rede ukamwita, na mwisho akautunga mwenyewe. Aliandika kuwa baba wa Gabrieli, mtoto anayesimuliwa kitabuni, anarudi kutoka machimboni na zawadi, na kijiji kizima kinacheza ngoma.

Walichukua wembe wa kuchongea penseli, wakazikata zile kurasa na kusoma nyuma ya darasa. Baba hakurudi. Gabrieli alishika jembe la baba yake, akaufungua mfereji peke yake na kumwagilia vitunguu. Siwema akakifunga kitabu.

"Nyamaza tu," Nashipai alinong'ona. "Kurasa tumeshazikata. Nani atajua?"

Basi mchana ule Siwema hakutulia. Alichota maji akasahau kufunika ndoo. Alikaa, akasimama, akatoka nje, akarudi ndani bila sababu. Akisema ukweli, safu atapewa Goodluck wa darasa lao, ambaye amekuwa akiimezea mate tangu Januari. Akinyamaza, uongo wake utabandikwa Mikumi, Kilosa, Malolo na huko Lumuma kwenyewe.

"Una nini leo?" mama yake alimuuliza. "Umekalia siafu?"

"Mama, naomba simu."

Mwalimu Kasiani alimsikiliza mpaka mwisho. Nyuma yake mashine ilikuwa ikinguruma, kisha ikanyamaza.

"Nakala mia mbili zimeshachapwa, bado ziko hapa," alisema. "Jumamosi njoo na mama yako. Bi Editha atakuwepo. Utamwambia mwenyewe."

Hakugomba, na hilo lilimtisha Siwema kuliko kugombezwa.

Jumamosi, huko Kilosa, walimkuta Bi Editha ameketi kati ya marundo ya karatasi, mwanamke mrefu mwenye mikono ya mkulima.

"Shikamoo, Bi Editha."

"Marahaba, mwanangu."

Siwema alisema yote kwa mkupuo mmoja, asije akaishiwa ujasiri katikati. Bi Editha alichukua moja ya zile nakala mia mbili, akaisoma taratibu, akaiweka mapajani.

"Mama yangu hajui kusoma," alisema. "Jarida likifika Lumuma, mjukuu wake humsomea kila neno. Anajua kuwa nimeandika habari za baba yetu. Baba aliondoka nikiwa na miaka tisa, na mpaka leo mama akisikia hodi husimama haraka. Angesomewa hapa kwamba baba amerudi."

Siwema alilia. Alikuwa ameogopa kupoteza safu, kumbe kulikuwa na bibi kizee wa kuumizwa. Aliona aibu kubwa.

"Nisamehe, Bi Editha."

"Nimekusamehe. Umewahi kabla haijafika kwake."

Mwalimu Kasiani alivuta kiti. "Kisu changu cha kukatia vitabu kiliruka kurasa, nami nilichapa habari yako bila kuipitia; hayo ni makosa yangu. Kutunga mwisho wa kitabu cha mtu ni kosa lako. Toleo lijalo ataandika Goodluck, nawe utasubiri mpaka mwakani. Sikia, Siwema. Ukiwapa watu habari, wanakuamini kwa sababu wanajua umesoma, nao hawajasoma. Kwa hiyo usiandike usichokijua. Na ukikosea, sema mapema kama ulivyosema juzi, hata kama unaona aibu."

"Nimesikia, Mwalimu."

"Haya. Hili la sasa limalize wewe." Akamsukumia zile nakala zilizoharibika. "Andika habari mpya nyuma ya moja, nami nitachapa upya. Karatasi haitupwi hapa."

Siwema alifuta machozi na kuandika akiwa ameinama, huku mama yake akisubiri mlangoni. Alipomaliza alimpa Bi Editha. Habari ilianza hivi: "Katika kitabu hiki baba harudi, lakini mtoto wake anaufungua mfereji na maji yanafika shambani."

Bi Editha aliisoma mara mbili.

"Hii," alisema, "mama anaweza kusomewa."