Aliyeitika Bafuni

Nyumba ile ilikuwa na kelele, wacha mchezo. Mtu hakuthubutu kufungua koki hata ya kunawa vidole kabla hajapaza sauti: "Nafungua!" Wengine wote, popote walipo, sharti wafunge zao na kujibu: "Fungua!" Ndiyo sheria waliyojiwekea, maana bomba lao lilikuwa jembamba, na koki mbili zikifunguliwa pamoja maji yalinyong'onyea. Majirani waliwacheka. "Hawa wanaoga au wanavusha ng'ombe?"

Wenyewe walikuwa wanne: baba, fundi cherehani aliyeshonea sebuleni, mkewe, mama yake baba, ambaye wote walimwita Bibi, na binti wa miaka saba waliyembandika jina la Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo.

Kasoro ilianza asubuhi moja Bibi akifua uani. Alishapaza sauti, alishajibiwa, na bado maji yakamnywea mkononi.

"Nani huyo kafungua?"

"Hakuna, Bibi!"

"Hakuna, na maji yanakatika?"

Wakatoka wote kumwonyesha mikono yao, mama akiwa na unga vidoleni, baba na futi lake shingoni, Chiriku akitafuna. Wakiwa wamesimama hivyo, wote wanne uani, wakasikia mtu bafuni akijimwagia maji. Baba aliingia mbio. Koki ilikuwa imefungwa, sakafu kavu, ila harufu ya tope la kisimani ilimpiga puani akarudi nyuma.

Wakamwita fundi bomba, mtu wa maneno mengi. Alifunga koki zote akainama kwenye mita. Kishale kilikuwa kinazunguka polepole.

"Mnavujisha," alisema. "Msipoziba ufa mtajenga ukuta, mimi simo." Akachimba kufuata bomba kutoka getini hadi ukutani. Udongo ulikuwa mkavu kabisa. Akajikuna. "Sikilizeni. Wawili wakifungua, kila mmoja anapata nusu. Huo si ugonjwa, ni bomba jembamba. Lakini haya yenu yanapungua kana kwamba kuna mtu anatumia, na mtu simwoni." Hakungoja hata chai.

Sasa Bibi alikuwa na ulimi, na ulimi ndio uliowaponza. Jioni ile maji yalipomnywea tena, alisimama mlangoni mwa bafu, mkono kiunoni. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe! Na wewe uliye humo, kama unatumia maji yetu, fuata sheria yetu. Paza sauti kama wenzako!"

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Kesho yake, Bibi akimchana Chiriku nywele sebuleni, kisauti cha kitoto kikatoka bafuni: "Nafungua!"

"Fungua!" Bibi akajibu kwa mazoea. Kisha akatazama kichwa alichokishika magotini mwake, na kitana kikamdondoka.

Baada ya hapo hakuna aliyecheka. Kilikuwa kinapaza sauti kila asubuhi, na kila kilipopaza maji yalikatika nyumba nzima, na ile harufu ya tope ikapanda mpaka kwenye vitambaa vya wateja. Chiriku ndiye pekee ambaye hakuogopa, naye alipokwenda kuoga walimsikia akipiga soga na mtu.

"Unaongea na nani humo?" mama akamuuliza.

"Na mwenzangu. Anauliza nalala upande gani wa kitanda."

Mama akaingia akamtoa. Akamkataza mtoto bafu, akawa anamwogesha kwenye beseni jikoni, lakini Chiriku akashikwa na kikohozi kikavu, koh, koh, na sauti ikawa inamkauka siku hadi siku, mpaka yule mtoto aliyekuwa hanyamazi hata akila akabaki ananyoosha kidole tu akitaka kitu, huku kile kisauti cha bafuni kikizidi kung'aa.

"Kinamnyonya sauti," mama alimnong'oneza mumewe. "Kesho kutwa kitamnyonya nini? Mlete mtu, baba Chiriku. Mlete leo."

Wakamleta mganga, mama mmoja mfupi asiyependa maneno. Alizunguka nyumba akinusa, kisha akauliza, "Nani alikipa ruhusa ya kupaza sauti?" Bibi akainamisha kichwa.

"Shida yake si maji, ni nafasi ya mtu; kikiipata, maji hakiyagusi tena. Mmekiingiza kwa kuitikiana, kitatoka kwa kuitikiana. Kila mtu asimame kwenye koki yake, afungue. Bibi uani, mama jikoni, mtoto bafuni. Baba ataita. Anayeitika ni mtu wenu, anabaki. Asiyeitika anakwenda na maji. Nikifunga nimefunga, sijui kufungua tena."

"Mtoto bafuni peke yake?" mama akauliza.

"Aitike tu. Hata kwa kugonga ukuta."

Mama akamuinamia binti yake. "Ukisikia jina lako, ugonge kwa nguvu zako zote. Umesikia, mwanangu?" Chiriku akaitikia kwa kichwa, akakohoa, akaingia.

Koki zikafunguliwa. Baba akaita. "Bibi!"

"Niko!"

"Mama Chiriku!"

"Niko!"

"Chiriku!"

Bomba likanguruma ukutani, likatikisa masufuria kwenye rafu, na juu ya mngurumo ule ikatoka sauti nyororo, safi kama zamani: "Niko!"

Mama akaangua kilio cha furaha. Sauti ya mwanawe imerudi! Mganga akafunga koki moja baada ya nyingine, akaenda zake, na Chiriku akatoka bafuni akicheka, akarukia mgongo wa baba yake.

Nyumba ikapoa. Mama akifungua jikoni na Bibi uani, maji yaligawanyika nusu kwa nusu kama alivyosema fundi, na hakuna aliyenung'unika. Kishale cha mita kilisimama tuli.

Asubuhi moja mama alikuwa anaosha vyombo. "Nafungua!" Chiriku akaita kutoka bafuni.

"Fungua!" mama akajibu, lakini sufuria ilikuwa imejaa povu, akaiba maji kidogo. Akangoja yanywee. Hayakunywea. Huko bafuni mtu alikuwa anajimwagia, chwaa, chwaa, na hapa jikoni maji yalishuka kwa nguvu zote, hayajagawanyika hata kidogo.

Akafunga koki. Moyo ukamrudisha kwenye siku ile, kwa mtoto asiye na sauti aliyeagizwa agonge ukuta. Hakuna aliyegonga. Siku ile hakuna aliyegonga, Mungu wangu, na yeye akalia kwa furaha.

Akalaza sikio kwenye bomba, pale lilipoingia ukutani. Chuma kilikuwa cha baridi. Mbali sana ndani, kitu kikagonga mara moja, kwa unyonge. Kisha: koh, koh.

"Mwanangu?" akanong'ona.

"Abee, mama," Chiriku akaitika nyuma yake, kwa sauti safi. Alikuwa amejifunga taulo, na nywele zake zilikuwa kavu.