Uvungu wa Kitanda cha Taha

Jambo lenyewe lilianza dogo, la kupuuzwa: Mona alianza kulala pembeni. Kila asubuhi Badria alipoingia kuwaamsha binti zake alimkuta huyu mdogo amejibana ukutani, magoti kifuani, na nusu ya godoro haina mtu. Na godoro lilikuwa la sufi mpya, pana, la kumtosha mtoto wa miaka sita kujitupa huku na huku apendavyo.

“Mbona wajibana hivyo, mwanangu?”

“Nampisha mwenzangu,” alisema Mona akipikicha macho.

Badria akamtazama Afaf, binti mkubwa, aliyekuwa akishuka ngazi ya kitanda cha juu. Afaf akaapa kwamba hajawahi kushuka kulala chini. “Wallahi, Mama, mimi usiku hata maji sishukii. Kiza chanitisha.” Mambo ya watoto, alijiambia Badria, akarudi jikoni kabla maziwa hayajafurika.

Kitanda hicho cha juu na chini kilikuwa kimeshamchoma roho kabla hakijaingia nyumbani. Ilikuwa miaka ile gari la moshi lilipokuwa bado jipya Mombasa, na mumewe Taha, muuza tende na samli wa Kibokoni, alikuwa amejaza magunia yake hadi chumba cha watoto. Badria alipolalamika kwamba binti zake hawana pa kuweka mguu, Taha alicheka. Alikuwa amerudi kutoka Adeni kwa meli, akaona huko abiria wanavyolazwa juu kwa juu. “Tuwapandishe,” alisema. “Nafasi iko juu tele, ni wewe tu huioni.” Magunia yalikuwa na haki ya sakafu, watoto walikuwa na haki ya hewa. Hivyo ndivyo alivyokuwa Taha.

Basi Badria akasema kama ni lazima, atakichagua yeye. Alijifunika akaenda Kuze kwa Jamaldin, seremala, akamtoa jasho kwa maswali. Ukingo wa juu unamfika mtoto wapi akigeuka usingizini? Ngazi inateleza? Mtoto akiamka ghafla hatagonga kichwa kwenye boriti? Alipima kwa dhiraa yake mwenyewe, akatikisa nguzo kwa mikono miwili, akamfanya fundi apige ukingo upya kwa kuwa ulikuwa chini mno. Jamaldin alinung’unika kwamba wateja wake hununua vitanda, hawavioi. Badria hakucheka.

Asilolijua ni kwamba Taha alikuwa amepita nyuma yake. Ili asitoe pesa za mbao za vitanda viwili, alimpelekea fundi kitanda alicholalia yeye utotoni, cha msaji, chenye matendegu ya rangi nyekundu na nyeusi, kiwekwe kuwa ndicho cha juu. Kitanda hicho kilikuwa kimeegemezwa wima ukutani mwa ghala miaka yote ambayo Badria alikuwa ameolewa humo. Mavyaa yake, Mwanakhamis, mamake Taha, hakuwa akikubali kilazwe hata kwa kufagia. Lakini Mwanakhamis alikuwa Lamu, kwenye matanga ya dada yake, na Taha akaona ndiyo nafasi.

Badria alipokiona alikasirika, kisha akakitikisa, akaona ni imara kuliko kipya, akanyamaza. Yote ya juu alikuwa ameyapima. Ya chini hakuyauliza, maana mtoto wa chini ataanguka wapi?

Mona akaanza kukonda. Akaacha wali, kisha uji, kisha hata maji akawa anayanywa kwa kubembelezwa. Kucha zake zilikatika moja baada ya moja, na ndani yake mlikuwa na vijiti vidogo vya mbao. Chumba kikawa na harufu ambayo Badria aliitambua lakini hakuweza kuieleza kwa siku kadhaa, mpaka siku moja maji yalipomwagikia makaa ya chetezo: ilikuwa harufu ya ubani uliozimwa kwa maji.

Adhuhuri moja, mji ukiwa umefunga madirisha kwa joto, alimpeleka Mona akalale na Afaf chumba cha pili, naye akajilaza kwenye kile kitanda cha chini ili ajue. Alilala chali. Juu yake kulikuwa na kamba za kitanda cha juu, zimewambwa vizuri, hazina mtu juu yake. Akatazama mfumbati, ule mti mrefu wa ubavuni, na kwa upande wa chini, upande ambao hakuna anayeuona ila aliyelala hapo, akaona mikwaruzo. Ilikuwa mikwaruzo ya kucha ndogo. Mingine ilikuwa mipya, mbao bado nyeupe, na hiyo aliifahamu mara moja kuwa ni ya Mona. Lakini chini ya ile mipya kulikuwa na mingine, mizee, iliyoingia weusi wa miaka, mingi, imejipanga kama mtoto mwingine alilala hapa zamani akakwaruza na kukwaruza akitaka kutoka, na alipokuwa akiinua kidole aiguse, godoro likadidimia ubavuni mwake taratibu, kama linavyodidimia mtu anapopanda kitandani hataki kumwamsha mwenzake, baridi ikaja ikamlalia mkono mzima, na sauti ya mtoto, ya upole, ya kuchoka, ikamwambia karibu na sikio:

“Jongea. Yuwaja.”

Badria hakukumbuka alivyotoka. Alijikuta uani, ameshika ukuta, na hasira imemjaa kuliko hofu. Kuna kitu kilikuwa kitandani kwa mwanawe.

Mwanakhamis alirudi kutoka Lamu jioni hiyo. Aliingia na mizigo, akaitikia shikamoo za wajukuu, akasukuma mlango wa chumba chao. Mizigo ikamtoka mikononi.

“Nani aliyekilaza kitanda hiki?” aliuliza.

“Mwanao.”

“Na hapo chini yuwalala nani?”

“Mona.”

Mwanakhamis akakaa sakafuni na vumbi lake la safari. Badria akafunga mlango, akasimama mbele yake.

“Sema, Mama.”

“Mwanangu, niache nipumue.”

“Mona hapumui vizuri tangu mwezi uandame. Sema.”

Bibi akasema, kwa sauti ya kunong’ona, macho yakiwa kwenye lile godoro. Taha alipokuwa mdogo aliugua homa, na kila magharibi kitu kilikuwa kikimwita kwa jina kutoka uvunguni mwa kitanda hicho. Walimu walisoma, hakikuondoka. Mwisho Mwanakhamis alisema nacho mwenyewe. Alikiambia: niachie mwanangu, na chochote kitakacholala chini ya kitanda hiki ni chako.

“Kikakubali?”

“Kikakubali.”

“Na wewe ukakilazia nini hapo chini?”

Mwanakhamis akaanza kukusanya mizigo yake.

“Nakuuliza, Mama. Ukalaza nini?”

“Ulikuwa mwaka wa njaa,” alisema Mwanakhamis. “Wagiriama walikuwa wakileta watoto mjini, wawaweke rehani kwa mtama. Tulikuwa na kijana mmoja wa kike, Dama. Makamo ya Mona. Nikamtandikia mkeka.”

“Akafa?”

“Taha akapona.”

Badria alimtazama mama huyu aliyemfundisha kupika, aliyemkanda tumbo alipojifungua, akataka kumpiga. Alitaka kumpiga kwa ajili ya Mona, na kwa ajili ya mwanamke asiyemjua aliyekuja baada ya mavuno na kapu la mtama kichwani kumkomboa binti yake, akaambiwa amekufa kwa ndui, kama bibi alivyomaliza kusimulia.

Wakamwita Swabaha, mganga wa majini, mwanamke mnene wa Mkanyageni asiyependa kelele wala ngoma. Alifukiza udi, akaweka sikio kwenye godoro la chini kama mtu anayesikiliza tumbo la mja mzito. Alipoinuka uso wake ulikuwa umebadilika.

“Jini wa hapa hayuko peke yake,” alisema. “Ana mtoto, amemshika tangu zamani. Na huyu wenu ameshamhesabu.”

“Nimhamishe,” alisema Badria. “Nimpeleke kwetu leo hii.”

“Mpeleke utakako, atakufia huko. Na kitanda musikivunje, mukikivunja jini hatakuwa na mahali, atakuwa na nyumba nzima. Huyu alikuja kumtaka mtu, akapewa wengine. Aliyetakiwa aingie hapo chini mwenyewe, aseme: ni mimi. Hapo atawaachia wasio wake.”

“Nitaingia mimi,” alisema Mwanakhamis.

“Hakukutaka wewe, dada.”

Mwanakhamis aliingia hata hivyo. Alilala pale mpaka magharibi akilia, na hakuna aliyemwambia ajongee.

Wote sasa wakamgeukia Taha. Alikuwa amesimama mlangoni, mkono kwenye mkanda, na Badria, ambaye bado alikuwa na tumaini naye, alimwona akirudi nyuma hatua moja.

“Nikifa mimi mutakula nini?” alisema Taha. “Haya semeni. Nani atawalisha? Mtoto, Mungu atatupa mwingine.”

Aliyasema hayo Mona akiwa amelala mapajani mwa mama yake, macho wazi.

Kesho yake Taha aliita wapagazi. Wakakata zile nguzo ndefu za Jamaldin, wakakipandisha kitanda cha msaji orofani, chumbani kwake. Hakutaka mtu akiguse. Juu ya kitanda hicho ndipo alipopona utotoni, na katika nyumba nzima, kwa hesabu yake, hapakuwa na mahali salama kuliko hapo. Akalala juu yake usiku na mchana, dukani akaweka mtu. Badria akatandika mkeka chumba cha chini, akalala na binti zake kila upande.

Ijumaa, watu walipokwisha kusali na kula, mji mzima ukajinyoosha. Badria alisinzia. Aliamshwa na chokaa iliyomwangukia shavuni kutoka darini. Akafumbua macho, akaona kwamba Mona amejibana ukuta wa kushoto. Akageuza kichwa kulia, na huko akamwona Afaf, Afaf wake mwenye afya, aliyekuwa analala juu, ambaye hakuwahi kulala uvunguni hata siku moja, naye amejibana ukuta wa pili, magoti kifuani, kucha zikikwaruza chokaa polepole, na mkeka kati yao ulikuwa umelowa, na ile harufu ya ubani uliozimwa ilikuwa ikishuka kutoka juu, kwenye boriti, mahali ambapo miguu ya kitanda ilisimama sawasawa juu ya vichwa vyao, hata Badria akaelewa kwamba Taha amewatia wote chini yake, wanawe, mama yake, na yeye mkewe, nyumba yote imekuwa uvungu mmoja.

“Mama,” alisema Afaf, macho yamefumba. “Yuwasema nawe ujongee.”

Badria hakujongea. Alisimama. Hakusoma dua wala hakupiga kelele. Alikwenda kwenye magunia ya tende, akachukua kisu cha kukatia kamba, akapanda ngazi.

Taha alilala chali, kinywa wazi, upepeo wa ukindu kifuani. Kila kitanda cha kamba kina kamba nene upande wa miguu, ndizo zinazokaza wavu mzima, na Badria alizijua vizuri maana ndiye aliyezikaza kwa ajili ya watoto, akiweka goti kwenye mti na kuvuta hadi viganja vikachubuka. Akakata ya kwanza.

“Badria?” Taha alifumbua macho. “Wafanyani?”

“Nakupeleka ulikotakiwa.”

Akakata ya pili, na ya tatu, na zilizobaki zikaachia zenyewe. Wavu ukalegea, Taha akashika mfumbati, mfumbati ukamponyoka, akaanguka na godoro na mto na upepeo wake mpaka sakafuni, ndani kabisa ya uvungu wa kitanda chake. Hapo chini kulikuwa na kitu pamoja naye. Badria aliiona miguu ya mumewe ikivutwa pamoja, ikabanwa, ikajongezwa.

“Badria, ninusuru! Kina mikono!”

“Sema.”

“Mke wangu, kwa haki ya Mungu...”

“Sema ni wewe!” alipiga kelele Badria, na sauti yake ikatoka madirishani ikafika kwa majirani. “Wanangu wawili wako huko chini! Sema!”

“Ni mimi,” alilia Taha. “Taha wa Mwanakhamis. Ni mimi, ni mimi.”

Kisha chini, Mona akaangua kilio kikubwa, cha mtoto mwenye njaa.

Badria alishuka ngazi mbiombio. Mona alikuwa ameketi katikati ya mkeka, Afaf kamkumbatia, na mkeka ulikuwa mkavu.

“Dama kenda kwao,” alisema Mona akilia. “Nataka uji.”

Taha hakufa. Ingekuwa afadhali, majirani wangekuja wakazika wakala wakaondoka. Ila hakutoka tena chini ya kile kitanda. Watu waliambiwa ameugua. Mama yake humsukumia sahani kwa ufagio, na sahani hurudi imelambwa. Tende na samli anaziuza Badria, na magunia ameyahamishia ghalani yalikostahili, binti zake wana vitanda viwili vya chini, kila mmoja na chake, miguu mifupi hata paka hapiti.

Kitanda cha msaji alikiwamba mwenyewe upya kwa kamba za makumbi, akazivuta mpaka zikalia. Hulala yeye juu yake, kwa sababu, alivyosema Swabaha, pakikosa mtu juu, aliye chini atatoka. Adhuhuri, mji unapotulia, vidole hupita kati ya kamba vikamgusa mgongoni, na sauti ya Taha, ambayo siyo ya Taha kabisa, humbembeleza.

“Badria, mke wangu. Huku kwema. Jongea kidogo, au mlete mmoja wa wana.”

Badria hugeuka kwa uzito wake wote, kamba zikavibana vile vidole.

“Lala,” humwambia. “Aliye juu ni mimi.”